Njia ya Matoka

Neno lililomkera Haron Mwaura halikuwa tusi. Tusi angelipuuza. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa tarishi mjini Nairobi, akibeba barua kutoka ofisi hii hadi ile, na tarishi hutukanwa na kila mwenye meza. Lakini Jeremy Wahome hakumtukana. Alimwonea huruma, tena mbele ya watu.

"Mzee wangu," Jeremy alimwambia kwenye mkutano wa kwanza, mkono begani mwake, "hiyo njia ilikufa kitambo. Siku hizi ni nani anatoka tauni, kule mjini, kwa miguu mpaka huku? Hata wewe mwenyewe huwezi. Wacha tuifunge, watu walale salama."

Jeremy alikuwa mwenyekiti wa Kilele Koti, nyumba kumi na mbili zilizojengwa kwenye mteremko kati ya Kangemi na Mountain View. Njia aliyotaka kuifunga ilikuwa ya miguu tu, upana wa watu wawili. Ilianzia kwenye kijito bondeni, ikapanda ubavuni mwa ukuta wa nyumba yake hadi kileleni. Haron alianza kuipita angali kijana asiye na ndevu. Kila asubuhi aliteremka nayo kwenda kazini, na kila jioni alipanda nayo akitoka masomo ya watu wazima. Nauli aliyoiweka mfukoni ndiyo iliyomlipia masomo hayo. Cheti cha kidato cha nne alikipata akiwa na miaka arobaini na mmoja, wakati kifungua mimba wake, Shiko, yuko kidato cha pili, na hadi leo kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni.

Naibu wa chifu, mwanamke wa maneno machache aitwaye Nzembi, aliwasikiliza wote wawili, kisha akafunga daftari lake. "Jumamosi saa nne nitakuja nione kwa macho yangu. Kama njia inatumika, itabaki. Kama imekufa, nitaandika imekufa, na mtajenga ukuta wenu."

"Basi Jumamosi nitakuja nayo," Haron akasema. "Kwa miguu. Kutoka bustani ya Jeevanjee, katikati ya mji."

Watu walicheka. Haron alikuwa na miaka sabini na minane. Aliwaacha wacheke mpaka wakamaliza, halafu akavaa kofia yake akaenda nyumbani.

Jumamosi hiyo, saa kumi na mbili na nusu, alikuwa amesimama katikati ya bustani ya Jeevanjee akiwa na koti, tai na fimbo. Watembezi wake wa Jumamosi walimkuta hapo. Walikuwa saba, wengi wao wastaafu, na kwa miaka sita alikuwa akiwatembeza mjini kuwaonyesha majengo na kuwaeleza habari zake. Wa kwanza kufika alikuwa Chunilal, rafiki yake wa zamani, aliyekuwa na duka la vitambaa katika mtaa wa Biashara.

"Mwaura bhai, nieleze tena," Chunilal alisema. "Wewe unakaa kule juu. Leo umepanda gari alfajiri kuja tauni, ili utoke tauni kwa miguu urudi kule kule ulikotoka?"

"Ndiyo."

"Na watu wanasema ni Wahindi ndio wagumu."

Simu ya Haron ililia. Alikuwa Shiko, binti yake, muuguzi, ambaye sasa alikuwa na nywele nyeupe za kwake mwenyewe. "Baba, nimelipia teksi. Iko hapo nje. Ikufikishe hata Westlands tu, halafu utembee kidogo."

"Mwambie dereva arudi akalale."

"Baba, goti."

"Goti limeamka pamoja nami, Shiko. Tunaenda."

Akakata simu. Ukweli ni kwamba goti lilikuwa limeamka vibaya, lakini hilo lilikuwa jambo kati yake na goti.

Walipita kwanza mbele ya maktaba ya McMillan, kwenye simba wawili wa mawe walioketi langoni. Haron hakuwahi kuwapita bila kusimama. "Baba yangu alipita hapa na mkokoteni wa kuni," aliwaambia. "Enzi hizo Mwafrika hakuingia mle ndani, hata kama anajua kusoma. Mimi niliingia kwa mlango huu huu, nikatoka na kadi yangu. Chakula cha mchana nilikula hapa chini ya huyu simba wa kushoto, kitabu kikiwa gotini. Muulizeni, ananijua."

Janice, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote kwa miguu na kwa mdomo. "Na wa kulia je?"

"Wa kulia alikuwa wa makarani."

Walipita pembeni mwa minara ya msikiti wa Jamia, wakavuka barabara kubwa watu wakiwa bado wachache, wakaanza kupanda kilima cha Makumbusho chini ya nguzo za barabara ya juu. Haron alihesabu hatua zake mia mia, kama alivyofanya zamani akiwa na mkoba wa barua. Mjini, jengo lililokuwa refu kuliko yote ujanani mwake sasa lilikuwa likichungulia katikati ya wenzake. Hakulionea huruma. Lilikuwa bado limesimama.

Huko Parklands, Kamla, mkewe Chunilal, aliwangoja getini na birika la chai ya tangawizi na chapati nyembamba za majani ya uwatu. Kengele za hekalu la jirani zilikuwa zikilia. Walikula wakiwa wamesimama. Kisha Krish, mtoto wao, akatoka na ufunguo wa gari mkononi.

"Ankal Mwaura, ingieni wote. Safari mbili tu. Nawaacha chini hapo kwa mto, mnapanda hiyo njia, mnatokea juu. Watajuaje?"

Chunilal aliliangalia gari jinsi mtu anavyomwangalia jamaa aliyekosana naye. Wawili kati ya watembezi tayari walikuwa wamesogea karibu na mlango.

"Watajua kwa sababu nitawaambia," Haron alisema. "Mimi nikiulizwa swali hujibu. Na huyo kijana mwenyekiti ataniuliza."

"Si lazima ujibu kila kitu, Ankal."

"Ndiyo maana wewe ni wakili na mimi nilikuwa tarishi. Barua ninayobeba nafikisha ilivyo. Kamla, asante kwa chai. Chuni, panda gari ukitaka, sitakuchukia."

Chunilal alimeza chapati ya mwisho, akakaza kamba za viatu. "Utanikumbusha kila Jumamosi mpaka nife," alisema. "Afadhali kutembea."

Hakuna aliyepanda gari.

Kutoka Westlands hadi Muthangari jua lilikuwa limeshachoma. Huko nyumba zimejificha nyuma ya kuta ndefu na maua ya bogenvilia, na barabarani hakuna mtembea kwa miguu ila wafanyakazi wa nyumbani. Walinzi watatu, kila mmoja getini kwake, waliwauliza swali lile lile. "Mnatafuta nani?"

"Hatutafuti mtu," Haron aliwajibu wote watatu. "Tunapita."

Mara ya tatu kundi zima lilijibu kwa pamoja, kama shule, na mlinzi akacheka akawapigia saluti.

Hapo ndipo soli ya kiatu cha Janice ilipobanduka. Ilifunguka kama mdomo wa kiboko, na kila hatua ikapiga kofi. Muuza miche aliyepanga vyungu vyake kando ya barabara aliwapa kipande cha kamba ya manila, na Janice akaifunga soli hiyo kwa mafundo manne.

"Mafundo yakipungua manne ni ishara mbaya," alisema, akiruka ruka kuijaribu. "Haya, kiatu kimepata kamba. Twende."

Saa tatu na dakika arobaini walifika kijitoni. Haron alikuwa akitembea kwa fimbo zaidi kuliko kwa mguu. Alipoinua macho aliona kitu ambacho Jumamosi iliyopita hakikuwepo. Pale njia inapoanza kupanda paliwekwa geti la chuma, jekundu, rangi ikiwa bado inanuka, na kufuli kubwa kama ngumi. Nyuma yake alisimama soja wa kulinda geti aliyeitwa Kiilu, mtu mpole wa makamo, ambaye Haron alimfahamu kwa salamu.

"Habari ya asubuhi, Mzee," Kiilu alisema kwa unyonge. "Nimeambiwa nisifungue."

"Umeambiwa na nani, na lini?"

"Chairman. Jana jioni. Amesema ni mpaka mkutano uishe."

Chunilal aliketi juu ya jiwe. "Wamefunga kabla ya hukumu," alisema. "Sasa tunazunguka?"

Kuzunguka kwa barabara kuu kungewachukua dakika arobaini na tano, na Nzembi asingewangoja. Haron hakusogea. Alimtazama Kiilu, akaitazama njia iliyo nyuma yake, vumbi lake likiwa limekanyagwa likang'aa.

"Kiilu, wewe unaishi wapi?"

"Kangemi, Mzee. Hapo tu ng'ambo."

"Na jana jioni, ukishafunga hili geti, ulifika nyumbani kwa njia gani?"

Kiilu aliupapasa ufunguo mfukoni. Janice alianza kucheka polepole.

"Sikuulizi ili nikutaje huko juu," Haron alisema. "Jina lako halitatoka mdomoni mwangu, una watoto wa kulisha. Lakini ufunguo unao, kwa sababu wewe mwenyewe unapita."

Soja alitazama juu mlimani. Kisha akatoa ufunguo, akafungua kufuli, akageuka akawapa mgongo. "Kuna ndege fulani hapa huwa namwangalia saa hizi," alisema. "Nikimwangalia sisikii kitu."

Wakapita mmoja mmoja.

Njia ilikuwa kali kama alivyoikumbuka, ila zamani miguu yake ndiyo iliyokuwa mikali zaidi. Nusu ya mlima alisimama kupumua, akaegemeza fimbo. Mkono wa kulia kulikuwa na ukuta wa Jeremy. Na pale, hatua moja kutoka ukutani, aliona kitu kilichomfanya asahau goti.

Yalikuwa matoka. Yale mayungiyungi makubwa yenye majani marefu mapana, na maua meupe yaliyopigwa mstari wa waridi, ambayo wazee wa Kikuyu walipanda mahali shamba la mtu linapokoma. Kitunguu chake hukaa ardhini miaka na miaka. Ng'ombe hali, jua haliui. Haron alikuwa mtoto alipoonyeshwa na baba yake mstari kama huo na kuambiwa kwamba mtu anaweza kusamehewa mengi, lakini si kung'oa hata itoka moja. Mashamba yakageuka ploti, ploti zikajengwa kuta, na watu wa siku hizi huyaita maua tu. Haya yalikuwa yamepandwa msimu huu, udongo ukiwa bado mwepesi, na kila Jumamosi Haron alikuwa ameyapita akihesabu hatua, macho chini, yakiwa majani tu. Na hayakupandwa ovyo. Yalikuwa na mwendo mmoja kati ya itoka na itoka, yamenyooka kama uzi, kutoka bondeni hadi kileleni. Ukuta upande mmoja, njia upande wa pili.

"Unaona nini?" Chunilal alimwuliza.

"Naona mtu anayejua kazi," Haron alisema, akaanza kupanda tena.

Walitokea juu saa nne kasoro dakika tano. Watu kama thelathini walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba ya Jeremy. Nzembi alikuwa na daftari lake. Jeremy, kwa miwani myeusi na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, alisimama nusu kutoka kitini.

"Mmepitia wapi?"

"Njiani," Haron alisema.

Nyuma yao mji wote ulionekana umelala kwenye ukungu wake, na upande wa kusini migongo ya vilima vya Ngong, mmoja baada ya mwingine. Haron hakukaa. Alijua kwamba akikaa hatainuka.

"Madam," Jeremy alimgeukia Nzembi, "hawa wameletwa na gari mpaka kwa mto. Angalia umri wao, bana."

Janice alivua kiatu. Alikiweka juu ya meza, karibu na maji ya Jeremy, kamba ya manila na mafundo manne na vumbi la mitaa mitano. "Nilitoka na hiki Jeevanjee kikiwa kizima," alisema. "Mwenyekiti, niambie ni gari gani hula viatu."

Watu walicheka, na safari hii hawakumcheka Haron. Hata Nzembi aliinamisha kichwa kuficha mdomo. Akaandika mstari mmoja daftarini.

Jeremy alivua miwani. Hakuwa mjinga. "Sawa. Tuseme wanapita. Lakini wanapita kwa shamba yangu. Mpaka wangu uko ng'ambo ya hiyo njia, si huku. Na mimi ndio natunza hapo. Niliondoa takataka. Nimepanda hata maua, mtu yeyote aliyepita ameyaona. Mzee Haron, umeyaona?"

"Nimeyaona. Ni mazuri sana. Uliyapanda mwenyewe?"

"Mama yangu. Anapenda bustani."

"Naweza kumsalimia?"

Jeremy aliashiria barazani. Haikuwezekana kumkatalia mzee salamu. Bibi Nyaguthii alikuwa ameketi barazani tangu asubuhi, kitambaa kichwani, akisikiliza kila neno. Alikuja bila kuharakishwa. Alikuwa amezidi miaka themanini, mgongo umepinda, macho hayajapinda.

"Mama Jeremy, habari ya hapa?" Haron alivua kofia.

"Ni njema. Wewe ndiwe unayepita kila Jumamosi ukiongea na nafsi yako."

"Huwa nahesabu hatua."

"Basi unahesabu kwa sauti."

Haron alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, yale matoka. Nimepanda mlima nikiyatazama. Ni nani aliyekuambia uyapande pale?"

"Hakuna aliyeniambia pale. Mwanangu aliniambia, mama, panda maua kule mwisho wa ploti yetu pasikae wazi."

"Mama, hayo ni maua tu," Jeremy alisema haraka. "Ulipanda tu kupendeza."

Bibi Nyaguthii alimgeukia mwanawe kana kwamba ametema mate mezani. "Maua tu? Matoka? Mimi nilipanda matoka na baba mkwe wangu nikiwa bibi arusi wa mwezi mmoja. Alinishikisha kamba upande huu, yeye akashika ule, na hatukusema neno mpaka tumemaliza. Itoka halipandwi kupendeza. Ungetaka kupendeza ungeniletea waridi." Akamrudia Haron. "Nilimwuliza fundi aliyejenga ukuta, mwisho ni wapi? Akanionyesha jiwe la wapimaji, lile la saruji lenye chuma katikati. Liko moja juu na moja chini. Nikavuta kamba kutoka hili hadi lile."

Nzembi aliacha kuandika. "Hilo jiwe la juu liko wapi, cucu?"

"Chini ya itoka la kwanza. Sikuling'oa, mimi si mwizi. Nililiachia nafasi."

Nzembi aliinuka, na watu wote wakainuka naye. Ulikuwa mwendo wa hatua ishirini. Alichutama, akayatenga yale majani mapana kwa mikono miwili, akapangusa udongo. Jiwe lilikuwepo, kijivu, limekaa vizuri, chuma chake kikichungulia. Kati yake na ukuta palikuwa na hatua moja. Njia yote ilikuwa nje.

"Mama," Jeremy alisema kwa sauti ya chini, "ungeniambia kwanza."

"Ulikuwa hunisikilizi. Ulikuwa na ramani."

Nzembi alipangusa mikono. "Nitaandika nilichoona," alisema. "Njia inapitwa, na iko nje ya mpaka. Lile geti la chini litolewe leo."

Jeremy alirudisha miwani machoni. Hakuinamisha kichwa. Hata Haron alimheshimu kwa hilo. "Haijaisha, Mzee. Mimi nitaenda kotini, kwa hakimu. Nitaleta wapimaji wangu, nitaleta wakili. Tutaonana tauni."

"Sawa," Haron alisema. "Tutakuja kwa miguu."

Gari dogo jeupe lilikuwa limesimama kando ya barabara ya kileleni. Shiko alikuwa ameshuka, mikono kiunoni, akimtazama baba yake jinsi muuguzi anavyomtazama mgonjwa aliyetoroka wodini. Alifungua mlango wa mbele.

Haron aliutazama mlango ule. Goti lilikuwa limevimba hata suruali imelikaza. Nyumbani palikuwa ubavuni mwa mlima huo huo, kwa kichochoro kilichochepuka nusu ya njia, mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye miguu mizima, na wa saa nzima kwa yeye wa leo.

"Wapeleke Chuni na Janice," alisema. "Janice hana kiatu."

"Na wewe?"

"Mimi nimesema ile njia inatumika. Nimesema mbele ya serikali."

"Baba!"

"Tembea nami, Shiko, au unifuate nyumbani na gari. Lakini gari haliingii huko."

Shiko akamrushia Chunilal ufunguo, akavua viatu vyake vya visigino akavishika mkononi, na akampa baba yake bega. Walianza kuteremka polepole sana, wakiyapita matoka moja baada ya jingine, na Haron akiyahesabu kwa sauti.